Mezze Nyali: Mapishi Nimeyapenda, Upakuaji Umenishinda

Nianze na mkate, maana ndio ulioniudhi.

Kikapu cha kwanza kilikuja na moto wake: mikate myembamba iliyofura, ukiichana inatoa mvuke, upande mmoja ina madoa meusi ya tanuri. Mkate mzuri, sina la kusema. Tukachana, tukachovya, na hata nusu ya vibakuli hatujaigusa, kikapu kikawa kitupu. Nikaomba kingine. Kijana akaleta, akaleta na cha tatu, na cha nne, kila mara "karibuni, karibuni." Bili ilipofika nikaona kila kikapu baada ya kile cha kwanza kimeandikwa shilingi 150. Fedha hizo hazinifilisi. Lakini hummus, ile rojo ya chana, inafika mdomoni kwa mkate, haina njia nyingine ya maana. Kumtoza mtu mkate kwenye meza ya mezze, ile ya vibakuli vingi vidogo vya kugawana, ni kumkaribisha supu kisha ukamkodishia kijiko.

Jina la mahali sitalitaja. Nina ya kusifu na nina ya kulaumu, na mimi mwenyewe naishi kwa kupika: biriani na pilau za harusi, huku Kibokoni, na najua neno moja baya linavyouzunguka mji huu kabla ya Isha. Rizki ya mtu si ya kuchezea. Niseme tu ni mkahawa wa vyakula vya Sham, yaani Lebanon, Syria na jirani zake, upande wa Nyali, hauuzi pombe, una baraza ya nje yenye upepo, na mpishi wake anaijua kazi. Asiyeutambua hajapoteza kitu, kwa sababu siku hizi hummus iko kwenye menyu nyingi Mombasa, na kasoro niliyoiona hapo nimeiona na kwengine.

Kasoro yenyewe ni kwamba wanapika mezze kisha wanaiuza kama chakula cha sahani.

Kwa wenyewe, Lebanon, Syria, Palestina na Jordan, mezze ni mpango mzima wa kukaa. Vinatangulia vya baridi: hummus, mutabal ya biringani, labneh ya mtindi, saladi za tabbouleh na fattoush, zeituni, na ile achari ya mboga iliyopata rangi ya waridi kwa bitiruti. Watu wanachovya na kuzungumza. Vikishapungua ndipo vinafuata vya moto: kibbeh za nyama, sambusak ambazo ni sambusa zao, vimikate vya fatayer vya mchicha, viazi vya batata harra, vijisoseji vya makanek. Baada yake nyama ya mkaani, mwisho matunda na kahawa. Meza ya Jumapili huanza baada ya adhuhuri na jua linaweza kuzama watu bado wamekaa. Kuna mji unaitwa Zahle, katika bonde la Bekaa nchini Lebanon, ambako mikahawa imepangana ukingoni mwa mto Berdawni, na watu hufunga safari kwenda kufanya hilo tu: kukaa na kudonoa. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza mji huo kwenye orodha yake ya miji ya ubunifu kwa sababu ya mapishi. Wao hushushia arak, kile kinywaji chao kikali cha zabibu ambacho kikitiwa maji hugeuka cheupe. Sisi tulishushia jagi la limau na nanaa, na lilikuwa zuri, halikujazwa sukari.

Tulikuwa watu watano: mimi, mume wangu, mama mkwe, wifi yangu, na mwanangu wa kiume ambaye duniani anaamini chipsi na kuku tu. Kijana wa kutuhudumia, mwenye adabu zake, alimwamkia mama, akampa kiti cha upande wenye upepo, kisha akatuonyesha ukurasa wa mwanzo wa menyu. Hapo kuna kitu wanakiita sahani ya mezze ya mtu mmoja, shilingi 1,450. Ni sinia dogo lenye vyumba, na kila chumba kimetiwa kijiko kimoja cha kila kitu, kibbeh moja na sambusak moja. Akatushauri tuchukue hizo, kila mtu yake, "isiwe taabu ya kugawana."

Mama mkwe akamtazama. "Kwani sisi tumegombana, mwanangu?"

Kijana akacheka, na sisi tukaagiza vibakuli vizima vya katikati. Lakini swali lile la mama ndilo ningependa mwenye mkahawa alibandike jikoni.

Halafu vikaja. Vyote. Vya baridi na vya moto, pamoja, kwa mfululizo wa muda usiofika robo saa. Meza ilikuwa ya watu wanne tuliyoongezewa kiti, ikajaa hadi bakuli la fattoush likawekwa kwenye kiti kitupu cha meza ya jirani, na mume wangu akawa mlinzi wake. Kibbeh zilitua karibu na hummus zikiwa zinafuka mvuke, na nikajua la kufanya si la starehe tena, ni la haraka, kwa sababu kibbeh ikikaa ganda linalainika, sambusak inatoa jasho, na batata harra ikipoa inabaki mafuta na thomu tu. Zikaanza mbio za kula vya moto kwanza, huku hummus imekaa pembeni inaota utando juu. Kinyume kabisa. Vya baridi vinatangulia kwa sababu ya jikoni pia: vimeshatayarishwa tangu asubuhi, vinampa mpishi nafasi ya kukaanga vya moto mtu anapovitaka. Mkahawa unaotoa vyote kwa pamoja umejinyima nafasi yake wenyewe.

Nimelalama vya kutosha, niseme hummus.

Nimekula hummus nyingi mjini hapa na nyingi ni chana zilizosagwa zikatiwa chumvi. Chana ni zile zile za chana bateta, hakuna siri, lakini kazi yake ni ndefu. Zinalala kwenye maji usiku kucha. Zinachemshwa na magadi kidogo hadi ukiibana moja baina ya vidole viwili inapondeka bila kubishana. Zinasuguliwa maganda yatoke, na hapo ndipo wapishi wengi wanapochoka, maana kumenya chana za sufuria nzima ni kazi ya kuwakalisha watoto wa nyumba nzima. Kisha zinasagwa na tahina, yaani ufuta uliosagwa hadi ukawa rojo, na ndimu, na thomu kiasi, na maji ya barafu yakitiwa kidogo kidogo ndiyo yanayoifanya iwe nyeupe na nyepesi. Mafuta ya zeituni yanakaa juu, kwenye kile kishimo kinachochimbwa kwa mgongo wa kijiko. Wetu wengi huyatia ndani ya mashine, na hummus inakuwa nzito, inakaa tumboni kama—basi, inakaa.

Chana za hapa zimemenywa. Niliisugua baina ya ulimi na kaakaa, sikukuta hata kipande cha ganda. Tahina ilikuwa mpya. Tahina iliyokaa koponi muda mrefu ina uchungu wa nyuma ya koo ambao hakuna ndimu inayoufuta. Haikuletwa na baridi ya friji, jambo ambalo wengi hulikosea, kwa sababu baridi inaua ufuta. Nilipopitisha mkate katikati, njia ilibaki pale pale, haikujifunga. Mpishi huyo, popote alipo, namtolea kofia, na kibakuli chake cha shilingi 600 kinatosha watu wanne wenye haya au wawili wasio nazo.

Wenyewe wanaipenda kwa kiwango cha ugomvi. Vitabu vya mapishi vya Kiarabu vya karne ya 13 vinataja chana zilizopondwa na kutiwa viungo, na hadi leo nchi zinashindania nani mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2010 wapishi wa kijiji cha Abu Ghosh, karibu na Jerusalem, walitengeneza bakuli la zaidi ya tani nne, wakachukua rekodi ya Guinness kwa upande wa Israel. Mwezi Mei mwaka huo huo Walebanoni wakajibu kwa hummus ya kilo 10,452, na hesabu hiyo waliichagua makusudi: nchi yao ina kilomita za mraba 10,452. Mimi ninayehangaika na sufuria la mchele wa harusi nilipolisikia hilo swali langu lilikuwa moja tu, nani alizimenya zile chana.

Mutabal nayo nzuri, karibu nzuri kuliko hummus. Biringani limechomwa juu ya moto wenyewe hadi ngozi ikawa mkaa, na moshi umeingia ndani ya nyama yake. La kuokwa kwenye oveni halina moshi huo, hata ulitie nini. Kwenye menyu wameiandika baba ghanouj, na hilo nimewasamehe, ingawa ukienda Beirut au Damascus ukaagiza baba ghanouj unaweza kuletewa kitu chenye nyanya, vitunguu na maji mazito ya komamanga, bila tahina.

Kibakuli hicho cha mutabal kililiwa na mtu mmoja. Kiliwekwa mbele ya mama mkwe, na mama mkwe alilelewa na sinia. Sisi pwani hatuhitaji mtu wa kutufundisha kula pamoja. Mwezi mzima wa Ramadhani mkeka wa futari umejaa vyombo vidogo vidogo: viazi vya nazi, mihogo, mbaazi, kaimati, sambusa, katlesi, mkate wa sinia, tambi, na uji wa pilipili manga pembeni. Lakini kwenye sinia la pilau adabu yetu ni kula kilicho mbele yako. Mkono unaovuka kwenda kwa mwenzio kuchokoa nyama ni mkono wa mtu asiyefunzwa, na kila mtoto wa Mombasa amewahi kupigwa kofi la vidole kwa hilo. Mezze inataka mkono uvuke. Chombo kiko mbali, nawe unainuka kidogo, unapitisha mkate juu ya glasi ya mtu, unachota, unarudi, na hakuna anayekutazama vibaya. Mama hakuweza. Alikula mutabal kwa upole, kipande baada ya kipande, hadi akafika chini, huku labneh na muhammara ziko upande wa pili wa meza anazitazama tu.

"Mama, nyoosha mkono," wifi akamwambia.

"Ninyooshe mkono mbele ya mkwe wangu?"

Ikabidi tuwe tunavizungusha vibakuli, kila baada ya muda kimoja kinahama. Hapo nikafikiria jambo ambalo mkahawa wa Mombasa ungeweza kulitenda bila gharama: kama meza ina mtu mzima, weka vibakuli viwili vidogo vya kitu kile kile, kimoja kila upande. Harusini tunafanya hivyo na achari miaka yote.

Tabbouleh sikuipenda. Hii ni saladi ya majani, na jani lake ni pasli, binamu wa dania, iliyokatwa nyembamba na kutiwa nanaa, nyanya, kitunguu, ndimu, mafuta ya zeituni, na ngano ya burghul ya kuhesabu. Yao ni ngano ya kijiko kikubwa na majani ya kupambia. Wifi aliisukuma kwa ncha ya mkate, akasema, "Hapa aliyealikwa ni ngano. Majani yamefuatana naye."

Na wifi huyu haongei kwa kubahatisha. Alifanya kazi za nyumbani Beirut miaka kadhaa, kama walivyokwenda wengi wa pwani hii, na mikono yake ndiyo iliyokuwa ikitengeneza meza hizo za Jumapili. Alinieleza tukiwa pale pale, mkate mkononi, jinsi pasli inavyooshwa maji matatu, inavyokaushwa kwenye kitambaa hadi isibaki hata tone, ndipo inakusanywa fungu na kukatwa kwa kisu kikali, pigo moja, usirudie. Ukirudia inatoa maji, inakuwa nyeusi, na mama wa nyumba anakuita uje uitazame. Alijua chombo gani kinakaa wapi na kipi hakikai karibu na kipi. Alijua saa ya kutoa kibbeh. Yeye mwenyewe alikuwa akila jikoni, wageni wakishaondoka.

Ndiyo maana alikuwa mkali na kijana wa watu kuliko mimi. Kijana alikuwa na mtindo, nadhani amefundishwa hivyo, wa kuondoa kibakuli kila anapokiona kimefika nusu, meza ionekane safi. Alipoinyanyua labneh wifi alimshika mkono wa shati. "Rudisha, kaka. Hicho kinakaa hadi tuondoke." Akarudisha. Dakika chache akaja kuchukua zeituni. "Na hicho pia." Kwenye mezze kibakuli kinabaki. Mtu anarudi kwenye labneh baada ya kibbeh, anarudi kwenye achari baada ya kitu cha mafuta. Ukimwondolea umemwambia kula kumekwisha. Mwisho wifi akamwambia kwa upole kwamba atamwita akimhitaji, akajiegemeza kwenye kiti, akavuta sahani ya zeituni karibu yake. Sijamwona akikaa hivyo kwenye shughuli yoyote ya familia. Harusini yeye ndiye wa kwanza kuinuka.

Labneh yenyewe, kwa kuwa nimeitaja, ni mtindi uliochujwa kwenye kitambaa hadi maji yote yakatoka. Yao ni nzito na chachu inavyotakiwa, na wameinyunyizia nanaa kavu. Shilingi 500. Iagizeni.

Muhammara, ya pilipili nyekundu na jozi, chakula ambacho watu wa Aleppo ndio wanaosifika nacho, ilikuwa tamu mno. Mtu fulani jikoni ameipenda sana chupa ya komamanga. Majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali yalikuwa ya kopo, na chumvi ya kopo haikuoshwa ikatoka. Kula moja, kunywa maji. Fattoush sina ugomvi nayo, vipande vya mkate wa kukaanga vilikuwa bado vinalia vilipofika kinywani, licha ya kukaa kwenye kiti cha watu. Mchuzi wa thomu mweupe ulioletwa na batata harra, mwanangu aliumaliza, na usiku kucha nyumba nzima ilijua.

Sasa kibbeh. Ganda lake ni burghul na nyama isiyo na mafuta, vinasagwa pamoja hadi vikawa donge moja la kufinyangika. Mpishi anachovya kidole kwenye maji baridi, analitoboa donge, analizungusha kidoleni huku analibana hadi ukuta unakuwa mwembamba, anajaza ndani nyama iliyokaangwa na vitunguu, anaifunga ncha mbili zichongoke. Ukuta ukiwa mnene unakula unga. Ukiwa mwembamba mno unapasukia kwenye mafuta. Hizi zilikuwa na ukuta wa kiasi, niliivunja moja nikaitazama kwenye mwanga wa taa, na ndani kulikuwa na unyevu wake, mdalasini umesikika, na badala ya zile mbegu za msonobari ambazo bei yake haishikiki wametia korosho zilizovunjwavunjwa. Korosho zetu, za upande wa Kilifi huko. Mtu wa Beirut angenuna. Mimi naona ni akili, na ladha haikupungua.

Lakini zilikuja nne. Tuko watano.

Nikamwambia kijana atuongezee moja, tulipe. Akaenda jikoni, akarudi: sahani ni nne, ukitaka zaidi uchukue sahani ya pili, shilingi 850 nyengine. Mimi nimepika sambusa za watu mia nne, na jambo la kwanza ninalomuuliza mwenye shughuli ni mko wangapi. Chakula cha kuhesabika kinachowekwa katikati lazima kijue hesabu ya watu, vinginevyo kinazaa ile kibbeh ya mwisho ambayo kila mtu anamsukumia mwenzake, "chukua wewe," "la, chukua wewe," hadi inapoa na hakuna aliyeila kwa raha. Mume wangu alisema haitaki, mwanangu akasema haitaki naye akiwa anaitazama. Mama akaigawa mara mbili kwa vidole akamaliza kesi.

Kuhusu pilipili: hakuna. Mama aliuliza, akaletewa chupa ya sosi ya dukani. Kwa mji ambao mhogo wa kukaanga haununuliwi bila pilipili ya unga na ndimu, hapo mpishi angejitutumua kidogo. Huko Sham hawali pilipili kali sana, ni kweli, lakini Nyali si Sham.

Tulivyomaliza nilimtafuta msimamizi, si kwa ugomvi, nikamweleza habari ya mkate. Akanijibu jibu ambalo kama mpishi siwezi kulipinga moja kwa moja: unga umepanda, na watu wanaagiza vikapu wanaviacha, mkate uliopoa hauuziki. Nikamwambia, basi ongeza shilingi 30 kwenye kila kibakuli, mgeni hatalalamika, na mkate utoke bila hesabu. Meza yetu ilikuwa na vibakuli na sahani kumi. Hizo ni shilingi 300, na nisingeandika neno. Akasema atamfikishia mwenyewe. Msimamizi mzuri, alinisikiliza hadi mwisho. Tuone.

Na kwa kuwa nimeingia kwenye fedha, hesabu yetu hii hapa. Hummus 600, mutabal 650, tabbouleh 600, fattoush 600, labneh 500, muhammara 700, majani ya mzabibu 700, kibbeh 850, sambusak 700, batata harra 450. Jumla 6,350. Mkate wa ziada 450, jagi la limau 700, kahawa tano 1,000. Shilingi 8,500 kwa watu watano, yaani 1,700 kila kichwa, na tulibeba mabaki. Tungefuata ushauri wa zile sahani za mtu mmoja tungelipa 7,250 kabla ya kinywaji wala mkate, tukapata kijiko cha kila kitu, na mama angekula tabbouleh yake mwenyewe hadi mwisho kwa adabu. Kugawana kulitushibisha zaidi kwa pungufu ya shilingi 900. Sahani zile zinawafaa wao, si wewe: zinapakuliwa haraka na meza inatoka haraka.

Kahawa ilikuwa ya iliki, nyeusi, kwenye vikombe vidogo, sawa, ila kwa shilingi 200 kikombe nilikuwa na haki ya kumkumbuka muuza kahawa wa mjini na dele lake. Vitamu sikuvigusa. Vilikuwa vimekaa kwenye kabati la kioo tangu tulipoingia na hakuna aliyevifungua.

Nitarudi, kwa ajili ya hummus, mutabal na kibbeh, na nawaambia nanyi mwende, kwa masharti. Msiende wawili, wawili hawawezi kuzunguka vibakuli vya kutosha, mtaishia kuagiza vitatu na kushiba hummus. Wanne hadi sita ni sawa. Ombeni meza kubwa ya barazani na mwende mapema, Ijumaa usiku familia zinajaa hadi ngazini. Agizeni vya baridi peke yake, vinne au vitano, na menyu ibaki kwenu. Mkate ukifika kikapu cha pili ndipo muite vya moto, na semeni wazi kwamba mnavitaka baadaye, kwa sababu jikoni hawatakisia. Bei ya mkate ulizeni kabla. Tabbouleh iacheni, chukueni fattoush. Muhammara kama mnapenda vitamu. Mkiwa na mzee, pangeni vibakuli upya wenyewe kabla hajaanza kula. Na kibbeh, kama mko watano, chukueni sahani mbili, zile tatu za ziada zifungwe. Siku nyengine jirani yangu alinipa zilizobaki mezani kwake, na asubuhi nilizipasha kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, moto mdogo, na ganda lilirudi likawa kavu.